Gitaa la Usiku: Kutoka Ampu ya Bendi Hadi Hedifoni, Masasi na Newala

Saa tatu usiku, Newala. Upepo unapanda kutoka bonde la Ruvuma, upande ule wa Shimo la Mungu. Kwenye nyumba moja ya kupanga yenye vyumba sita, kijana mmoja amekaa kitandani na gitaa la umeme ambalo halijachomekwa popote. Anapiga solo, ila kinachosikika ni tiki tiki za nyuzi tu, kama kuku anadonoa bati.

Chumba cha kushoto kuna mama mwenye mtoto mchanga. Cha kulia anakaa nesi anayewahi zamu ya asubuhi. Mwenye nyumba alishasema lake: akisikia tena sabufa baada ya saa mbili usiku, gitaa na mwenye gitaa wote nje.

Kijana ana miaka 23. Mchana anaendesha bodaboda, kwa hiyo muda wa gitaa ni usiku tu. Na msimu huu mambo yamekaa vizuri kidogo. Mnada wa korosho umelipa, hela imeingia benki, na mama yake amempa laki mbili na nusu. Kamwambia neno moja tu: "Fanyia kitu cha maana, baba." Hela hiyo ingeweza kuwa tairi mbili za pikipiki na dawa ya mikorosho ya msimu ujao. Yeye anataka kununua kimya. Yaani kifaa cha kumfanya apige gitaa kwa sauti kubwa bila mtu wa chumba cha pili kusikia.

Ukisikia haraka haraka unaweza kucheka. Kimya kinanunuliwa? Lakini ukirudi nyuma kwenye historia ya muziki wa huku kusini, utaona swali la kijana huyu si la jana, na jibu lake lina watu wengi ndani yake.

KABLA YA UMEME

Muziki wa Wamakonde, Wamakua na Wayao haukuwa muziki wa kujificha. Ngoma za jando na unyago, sindimba, mapiko na vinyago vyake, vyote ni vya uwanjani. Baada ya mavuno ngoma ikilia kijiji kimoja, kijiji cha pili wanajua. Mtoto hakujifunza ngoma chumbani. Alisimama pembeni ya wakubwa, akaangalia mikono, siku moja akaachiwa fimbo.

Ila hata enzi hizo kulikuwa na chombo cha mtu mmoja. Ni kile kibao kidogo chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ambacho sehemu nyingi za Tanzania kinaitwa malimba au ilimba. Msafiri alitembea nacho njiani akijipigia mwenyewe, sauti ndogo, inamtosha yeye na njia yake. Ukitaka kusema kweli, kile ndo kilikuwa hedifoni ya mababu. Kwa hiyo hamu ya kupiga peke yako haikuletwa na vijana wa siku hizi.

Mwaka 1906 alifika huku Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtafiti wa mila za watu. Alikaa Masasi, akapanda hadi Newala. Alikuja na fonografu, mashine iliyorekodi sauti kwenye mitungi midogo ya nta. Watu waliimba mbele ya pembe ya mashine, halafu mashine ikawarudishia sauti zao wenyewe. Hebu jiweke hapo. Vita vya Majimaji vimetoka kupita, halafu anakuja mgeni na kisanduku kinachoimba kwa sauti ya jirani yako!

Kumbuka jambo moja kuhusu mitungi ile. Haikubaki huku. Ilikwenda Ujerumani pamoja na vitu vingine alivyokusanya. Sauti za watu wa Masasi na Newala zilipanda meli, wenye sauti wakabaki. Jambo hili litarudi mwishoni.

GITAA LA GALONI NA UFUNGUO WA KATIBU

Ruka miaka sitini mbele. Tanganyika imepata uhuru 1961, Muungano 1964, na muziki wa dansi umeshika nchi. NUTA Jazz imeundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Morogoro kuna Morogoro Jazz, na ndani yake yumo Mbaraka Mwinshehe, ambaye solo yake ilisikika kwenye redio za betri nchi nzima mpaka alipofariki kwa ajali ya gari Kenya mwaka 1979. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi na ndiyo iliyozirusha.

Kijana wa Newala ana babu wa namna hiyo. Ni mjomba wa mama yake, anaishi Masasi, sasa amepita miaka sabini. Kwa mila za huku upande wa mama ndo wenye uzito, kwa hiyo mzee huyu kwake si mtu wa mbali. Miaka ya sabini alipiga gitaa kwenye bendi ndogo ya wilayani, zile bendi za kupiga ukumbini mwisho wa mwezi, kwenye sherehe za taifa na kwenye harusi za wakubwa.

Sasa hapa kuna kitu ambacho wengi hawakijui. Wanamuziki wengi wa enzi zile hawakuwa na gitaa lao. Vyombo vilikuwa mali ya bendi, na bendi ilikuwa mali ya taasisi: chama, jumuiya, jeshi, shirika la umma. Mwanamuziki aliajiriwa kama karani. Ukiondoka bendi, unaacha gitaa, unaacha ampu, unaondoka na vidole vyako tu.

Babu wa Masasi aliishi hivyo hivyo. Gitaa lilifungiwa stoo pamoja na ampu na ngoma, na ufunguo alikaa nao katibu. Mazoezi yalikuwa jioni tatu kwa wiki. Siku ambayo si ya mazoezi, hakuna gitaa. Nyumbani alikuwa na gitaa la galoni alilolitengeneza mwenyewe: dumu la bati, ubao, nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Alikosea kwenye galoni, akaenda kupatia kwenye gitaa la bendi.

Tatizo ni kwamba galoni si gitaa la umeme. Nyuzi ni ngumu, shingo imepinda, na galoni haina ampu. Kwa hiyo makosa mengine ilibidi ayafanye pale pale mazoezini, mbele ya watu wazima kumi wenye ndevu. Akikosea mwenzake wa besi anasimamisha muziki, anamwangalia tu, hasemi kitu. Mzee anasema hakuna adhabu iliyomfundisha kama lile jicho.

Mambo yakaja kuwa magumu zaidi. Baada ya vita ya Kagera na hali ya uchumi iliyofuata, fedha za kigeni zikawa adimu. Bendi kubwa za Dar zenyewe zilihangaika kupata nyuzi, spika na vipuri, sembuse bendi ya wilaya. Ampu ya bendi ya babu ilipoungua, fundi redio aliitengeneza mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu akashindwa. Bendi ikafa. Hawakuwahi kwenda Redio Tanzania kurekodi. Nyimbo zao ziko vichwani mwa watu wachache ambao kila mwaka wanapungua.

ASKOFU NA TARUMBETA

Kuna kisa kingine cha Masasi kinachofaa kusimuliwa hapa. Kuanzia 1960 hadi 1968 askofu wa Anglikana wa Masasi alikuwa Trevor Huddleston, Mwingereza aliyejulikana duniani kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Kabla ya kuja kusini mwa Tanzania alikuwa Johannesburg, na huko kuna kijana wa shule alimsumbua sana kwa utundu. Huddleston alimuuliza anataka nini maishani. Kijana akajibu anataka tarumbeta. Akatafutiwa tarumbeta. Kijana yule ni Hugh Masekela, na dunia nzima ilikuja kumjua.

Funzo lake ni dogo tu. Kijana akiwa na chombo chake mwenyewe, mkononi mwake, muda wote, mambo yanabadilika. Hakuna ufunguo wa katibu. Masekela alipata tarumbeta, na tarumbeta haihitaji ampu. Gitaa la umeme ndo lina balaa: ukiwa nalo bila ampu una nusu ya chombo, na ukiwa na ampu una ugomvi na majirani.

MTU ALIYEFUNGA BENDI KIUNONI

Tatizo la majirani halikuanzia Newala. Marekani na Uingereza ampu za miaka ya sitini zilitumia taa, zile valvu kama za redio za zamani, na utamu wake ulitoka ukishazifungulia sauti. Marshall walianza kutengeneza ampu London mwaka 1962, na ampu zao kubwa zilitosha kuamsha mtaa. Kwa hiyo mpiga gitaa wa huko naye akawa na shida ile ile: sauti nzuri iko juu, na juu hakuruhusiwi.

Mtu wa kwanza kulitatua kwa kishindo ni Tom Scholz, mpiga gitaa wa bendi ya Boston, ambaye pia ni injinia aliyesoma chuo cha MIT. Mwaka 1982 kampuni yake ilitoa kisanduku kinachoitwa Rockman. Sony walikuwa wameshatoa Walkman 1979, dunia imezoea kutembea na muziki masikioni, na Rockman ikafanya hivyo kwa gitaa. Unaifunga kiunoni, unachomeka gitaa, unavaa hedifoni, na unasikia kama uko ukumbini, ina mpaka mwangwi. Inatumia betri.

Rockman haikuwa na kompyuta ndani. Ilikuwa saketi za kawaida zilizopangwa kwa akili. Mapinduzi ya pili yalikuja 1998, kampuni ya Line 6 ya Marekani ilipotoa POD. Hii ilikuwa kompyuta ndogo inayoigiza ampu za aina nyingi kwa hesabu. Unazungusha kitufe, ampu inabadilika. Hivi vifaa ndo vikaitwa modela, kwa sababu vinabeba mfano wa ampu, siyo ampu yenyewe. Na POD ilikuwa nyekundu, imepinda kama figo. Wazungu waliifananisha na haragwe. Mtu wa Newala akionyeshwa picha hana haja ya kufikiria: hiyo ni korosho.

Baada ya hapo vikazidi kuwa vidogo na bei ikazidi kushuka. Mwaka 2007 Vox walitoa amPlug, kidude cha kuchomeka moja kwa moja kwenye gitaa chenye tundu la hedifoni. Mwaka 2019 Zoom wa Japani walitoa G1 Four, pedali ndogo inayokubali betri nne za AA. Mwaka 2021 Fender wakaja na Mustang Micro, inayokaa kwenye kiganja ikiwa na ampu 12 ndani na betri ya kuchaji. Boss wakafuata na Katana:GO mwaka 2024. Wachina nao, kama NUX na Valeton, wakajaza soko kwa bei za chini.

Kitu ambacho mwaka 1982 kilikuwa cha staa wa Marekani, leo kijana wa bodaboda wa Newala anakitafuta kwenye simu akiwa kijiweni anasubiri abiria.

KWA NINI USICHOMEKE TU KWENYE SIMU?

Kijana alishajaribu njia za mkato. Alichomeka gitaa kwenye sabufa: sauti ikatoka hafifu, haina uhai. Akanunua kiwaya cha elfu kumi na tano cha kuunganisha gitaa na simu: sauti ikatoka kali kama nyuki kwenye kopo, tena inachelewa. Akadhani gitaa lake bovu. Siyo gitaa.

Sababu ya kwanza: mkondo unaotoka kwenye gitaa la umeme ni dhaifu sana na unataka mlango uliotengenezwa kwa ajili yake. Ukiuingiza kwenye tundu la redio unanyongwa, sauti za juu zinakufa.

Sababu ya pili: spika ya ampu ya gitaa siyo kama spika ya redio. Yenyewe inakata sauti kali za juu, ikipita kama hezi 5,000 inaanza kuzitupa. Sauti ya gitaa tuliyoizoea kwenye rekodi imeshachujwa na spika hiyo. Hedifoni haichuji kitu, inakuletea kila mkwaruzo. Modela nzuri inaigiza ampu na pia inaigiza spika. Ukiona kifaa hakina sehemu ya kuigiza spika, achana nacho kwa kazi ya hedifoni.

Sababu ya tatu ni kuchelewa kwa sauti, na hapa wengi wanaliwa hela. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Ukisimama mita tatu na nusu kutoka kwenye ampu, sauti inakufikia baada ya sehemu kama 10 za elfu ya sekunde, na hapo hakuna anayelalamika. Sasa hedifoni za kawaida za bluetooth zinaweza kuchelewesha sauti kwa sehemu 150 za elfu ya sekunde au zaidi. Hiyo ni sawa na wewe kuwa Newala sokoni na spika yako iko mita 50 kule mbele. Unapiga sasa, unasikia baadaye. Hakuna solo inayopigika hivyo.

Kwa hiyo ukiona modela imeandikwa bluetooth, jua kwa kawaida ni kwa ajili ya kupokea muziki kutoka kwenye simu ili upige juu yake. Hedifoni inabaki ya waya. Zipo chache zinazotumia mawimbi yake maalumu bila kuchelewa, kama Waza-Air ya Boss, ila bei yake ni ya kununulia gitaa lingine zima.

LAKI MBILI NA NUSU

Kijana akaanza kupiga hesabu. Mustang Micro ilitoka ikiuzwa Marekani kwa karibu dola 100. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, hiyo tayari ni laki mbili na nusu, bado usafiri, bado ushuru, bado faida ya muuzaji. Hela yote inaisha na hedifoni hana.

Vile vidude vya kuchomeka kwenye gitaa kama amPlug ni nafuu, vinatumia betri ndogo za AAA zinazopatikana duka lolote. Ila kimoja kinabeba aina moja ya ampu. Ukichagua vibaya umebaki na sauti ya mkwaruzo ya rock, na yeye anataka kupiga dansi, sebene na nyimbo za kwaya.

Hili la sauti linataka macho. Matangazo ya vifaa hivi yamejaa mkwaruzo mzito, kwa sababu wanunuzi wengi wa huko nje wanapenda rock na metal. Gitaa la dansi linataka sauti safi, inayong'aa, yenye mwangwi kidogo na kurudia kidogo. Kabla ya kununua sikiliza zile ampu safi zilizomo: mifano ya Fender za sauti safi, au mfano wa Roland Jazz Chorus, ampu iliyotoka 1975 ikasifika kwa usafi wake. Kama sauti safi ni mbaya, hata ampu mia za mkwaruzo hazitakusaidia ukumbini Masasi.

Zile zinazoendeshwa kwa programu ya simu zilimvutia, kisha zikampa wasiwasi. Simu yake ndiyo ya bodaboda, inashinda kutwa inaita, ikifika saa tatu usiku chaji asilimia nane. Umeme nao huku kusini si wa kuuapia. Kifaa kinachohitaji simu yenye chaji ili kubadilisha sauti, kwake ni kifaa chenye mabwana wawili.

Jambo la mwisho alilolitafuta ni kile kitu kinachoitwa lupa: unapiga ridhimu, kifaa kinairekodi na kuirudia rudia bila kuchoka, halafu wewe unapiga solo juu yake. Kwa muziki wa dansi hii ni kubwa kuliko unavyodhani. Gitaa la dansi halikai peke yake. Solo, solo la pili na ridhimu yanasukana kama ukili. Mtu mmoja chumbani hawezi kusuka ukili kwa uzi mmoja.

Mwisho akaagiza Kariakoo pedali iliyotumika, aina ya betri nne za AA, yenye sauti safi nzuri na lupa ndani. Kabla ya kutuma hela akamwomba muuzaji ampigie video, achomeke gitaa, akanyage kila kitufe, aoneshe tundu la hedifoni linafanya kazi pande zote mbili. Muuzaji wa kwanza alianza kuleta maneno mengi, akaachwa. Wa pili akapiga video. Pedali ikapanda basi.

Hesabu ilivyokaa: pedali laki moja na sitini, hedifoni ya waya ya kufunika sikio elfu arobaini na tano, betri za kuchaji na chaja yake elfu thelathini. Imebaki elfu kumi na tano, ikaenda kwenye nyuzi. Hakusahau hedifoni, na hapo ndo watu wengi wanakosea: wananunua modela ya laki mbili wanaisikiliza kwa earphone za elfu mbili, halafu wanasema modela mbaya.

Na sauti nayo ina mpaka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asikilize desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda huo unakatika nusu. Ukitoa hedifoni masikio yanapiga mluzi, umeshapita. Masikio hayana fundi redio.

BABU ANAVAA HEDIFONI

Mwezi wa pili baada ya pedali kufika, babu alipanda kutoka Masasi kuja Newala kwenye shughuli ya ukoo. Usiku akalala kwa kijana.

"Shikamoo babu, njoo usikie kitu."

"Marahaba. Kitu gani usiku huu?"

Akavalishwa hedifoni. Kijana akapiga. Mzee akakaa kimya muda mrefu, kisha akavua.

"Vidole vyako vimefunguka kuliko vyangu vya umri huo," akasema. "Ila unapiga kama mtu anayeongea peke yake njiani. Husubiri kujibiwa."

Kijana akanyamaza. Alijua ni kweli. Wiki iliyopita alienda mazoezi ya kwaya, mara ya kwanza na watu tangu anunue pedali, na alipotea. Chumbani alizoea lupa isiyokosea, isiyopunguza mwendo, isiyomwangalia kwa jicho. Kule mpiga ngoma alivuta kidogo, waimbaji wakachelewa kidogo, yeye akaenda mbele peke yake kama basi lililosahau abiria. Mwalimu wa kwaya alisimamisha wimbo mara mbili.

Hii ndo gharama ambayo haiandikwi kwenye boksi. Kizazi cha babu kilinyimwa faragha ya kukosea, kikapata masikio ya kusikilizana. Kizazi hiki kimepata faragha, na kinaweza kupoteza masikio hayo kama hakitoki chumbani.

Mzee akaomba gitaa. Vidole vya mkono wa kushoto vimekakamaa, havifiki kote. Solo hawezi tena, lakini ridhimu bado ipo. Akapiga ridhimu ya wimbo mmoja wa bendi yao ya zamani. Kijana akakanyaga lupa. Mzee alipoacha, ridhimu ikaendelea yenyewe masikioni mwake. Akashtuka, akacheka mpaka akaziba mdomo kwa ajili ya mtoto wa chumba cha pili.

"Sasa sikiliza solo ilivyokuwa," akasema, akaanza kuimba kwa mdomo, taratibu, nota kwa nota. Kijana akaitafuta kwenye nyuzi. Anakosea, mzee anatikisa kichwa, wanarudi. Hedifoni ni moja, wakawa wanashika kila mtu upande wake, kichwa kwa kichwa, mpaka saa saba usiku. Nesi hakugonga ukuta. Mwenye nyumba hakusikia kitu.

Asubuhi kabla ya basi la Masasi, kijana alichukua waya, akahamishia ridhimu ya babu kwenye simu, kisha akainakili kwenye flashi na kumpa mama yake aihifadhi. Wimbo mmoja. Mzee anasema anakumbuka kama kumi na mbili.

Mwaka 1906 sauti za watu wa hapa ziliingia kwenye nta zikaenda Ujerumani. Miaka ya sabini sauti za bendi ya babu hazikuingia popote. Safari hii moja imeingia, na imebaki Newala, kabatini kwa mama, pamoja na vitambulisho na stakabadhi za korosho.

Zimebaki kumi na moja. Kijana ameshasema mwezi ujao anashuka Masasi na pedali yake, mfukoni betri nne zilizojaa chaji. Na safari hii anabeba hedifoni mbili.